Sura ya Tano: Msaili Asiye na Kura

Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Harvard kilipokea maombi 57,435 na kuwakubali vijana 1,968. Katika kila mia walioomba, waliopata hawakufika hata wanne. Baada ya fomu kutumwa na kabla ya majibu kutoka, maelfu ya waombaji wa vyuo vya aina hii hupata barua pepe fupi kutoka kwa mtu wasiyemjua. Mimi ni mhitimu wa chuo fulani, naishi mji wako au karibu nao, ningependa tuzungumze kwa dakika arobaini na tano hivi. Jumamosi itakufaa?

Kwa mwombaji wa Boston barua hiyo ni jambo la kawaida lenye wasiwasi kidogo ndani yake. Kwa mwombaji wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura huleta vigelegele. Mama anampigia shangazi, shangazi anaweka habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kufikia magharibi mtoto “ameitwa usaili Marekani”.

Furaha hiyo ina sababu. Kwetu usaili ni chujio la mwisho au la karibu na mwisho. Sekretarieti ya Ajira ikitoa tangazo la kuitwa kwenye usaili, mwenye jina lake humo anajua kwamba wengi wamekwisha kuachwa nje. Tena kuingia chuo kikuu kwa walio wengi hakuhitaji usaili wowote. Kenya, KUCCPS, chombo cha kupanga wanafunzi vyuoni, huwapanga kwa alama za mtihani wa KCSE. Tanzania, ufaulu wa kidato cha sita na vigezo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ndivyo vinavyofungua mlango au kuufunga. Kijana wetu akipata usaili wa chuo cha Marekani, tunausoma kwa macho ya ajira: amepita, amebaki miongoni mwa wachache.

Hajapita. Katika vyuo vingi vya daraja la Harvard, usaili wa mhitimu kwa kawaida haugawiwi kwa ubora wa mwombaji, hugawiwa kwa ramani. Ofisi ya udahili hutuma majina kwa kamati ya wahitimu wa eneo, na kamati huwagawia wanachama wake kadiri walivyo na nafasi. Mwombaji anayeishi mji uliojaa wahitimu hana shida ya kuupata. Mwenye alama nzuri kumzidi, aliyeko Sumbawanga, anaweza asiusikie kamwe. Chuo cha Yale siku hizi kimeanza kuwapa kipaumbele waombaji ambao ofisi inataka kujua zaidi juu yao, na hapo kuitwa kuna maana yake. Kwingine, kuitwa maana yake ni kwamba kuna mtu karibu nawe mwenye Jumamosi iliyo wazi.

Mtu huyo anaweza kuwa daktari wa meno, mwanasheria, mwalimu mstaafu, au kijana wa benki aliyehitimu miaka sita iliyopita. Harvard peke yake ina wahitimu zaidi ya 10,000 duniani wanaofanya kazi hii kwa kujitolea, bila malipo. Kwa kawaida hajaliona faili lako: insha hajazisoma, barua za walimu hajazisoma. Ana jina, shule, na labda mambo mawili matatu uliyosema unayapenda. Zamani angeweza kukukaribisha nyumbani kwake. Baadaye vyuo vikaanza kuwaelekeza wasaili kwenye mikahawa na maktaba, na tangu korona ya 2020 mazungumzo mengi yamehamia Zoom. Atakuuliza unapenda kusoma nini, muda wako wa ziada unautumiaje, kwa nini chuo hiki na si kile. Kisha ataandika ripoti fupi. Harvard humtaka pia aweke alama, ikiwemo moja ya haiba na moja ya jumla, kwa kipimo ambacho 1 ndiyo ya juu.

Ripoti hiyo inasafiri hadi Cambridge, Massachusetts, na kuingia kwenye faili pamoja na matokeo ya mitihani, insha, orodha ya shughuli na barua za mapendekezo. Maombi ya dunia nzima yamegawanywa kwa maeneo yapatayo ishirini. Ofisa wa eneo anasoma na kuweka alama zake mwenyewe, faili linakwenda kwenye kamati ndogo, na mwisho kamati kuu ya watu wapatao arobaini inapiga kura. Mhitimu hayumo chumbani, wala hana kura. Alichonacho ni ile karatasi, na karatasi hiyo inasomwa na mtu ambaye hakukuona, akipima maneno ya mtu ambaye kwa kawaida hamfahamu vizuri.

Ina uzito gani? Vyuo vyenyewe hujibu swali hili kila mwaka kwenye fomu ya takwimu inayojazwa na vyuo vingi vya Marekani, ambamo kila kigezo kinatakiwa kuwekwa kwenye daraja: muhimu sana, muhimu, kinazingatiwa, hakizingatiwi. Harvard na baadhi ya wenzake huweka usaili kwenye “kinazingatiwa”, daraja la chini kabisa kabla ya kutupwa nje. Chama cha kitaifa cha maofisa udahili wa Marekani kilipokuwa kikiwauliza wanachama wake ni vigezo gani vina uzito mkubwa, waliotaja usaili walikuwa takriban chuo kimoja katika ishirini. Alama za darasani zilikuwa juu kabisa, na usaili ulikuwa huko chini.

Hata hivyo kuna takwimu moja ambayo mawakala wa udahili hupenda kuinukuu. Kwa miaka kadhaa MIT ilitangaza kwamba, miongoni mwa waombaji waliokuwa na nafasi ya kusailiwa, waliosailiwa walikubaliwa kwa zaidi ya asilimia 10, na walioamua kutosailiwa kwa asilimia 1 tu. Mara kumi! Mzazi akiona namba hizo anaamini usaili ndio ufunguo wenyewe. Lakini fikiri ni nani anayepata barua ya mhitimu wa MIT na kuiacha bila kujibu. Ni kijana aliyejaza fomu kwa kujaribu bahati, asiyekitaka chuo hicho sana, au aliyekwisha kukata tamaa. Faili lake lingekuwa dhaifu hata angesailiwa mara tatu. Namba hiyo inapima bidii iliyotangulia usaili. Funzo lake halisi ni dogo, ingawa si la kudharau: asiyejibu ameonyesha kwamba hana haja.

Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyojulikana, kwa sababu mafaili ya udahili ni siri. Halafu mafaili yakafunguliwa mahakamani.

Novemba 2014 shirika liitwalo Students for Fair Admissions liliishtaki Harvard likidai kwamba chuo hicho kinawabagua waombaji wa Kimarekani wenye asili ya Asia. Kesi ilisikilizwa Boston mwezi Oktoba 2018 mbele ya Jaji Allison Burroughs. Kwa wiki tatu wanauchumi wawili, Peter Arcidiacono wa Chuo Kikuu cha Duke kwa upande wa walalamikaji na David Card wa Berkeley kwa upande wa Harvard, walivutana juu ya data ya waombaji zaidi ya 160,000 wa miaka sita. William Fitzsimmons, aliyekuwa ameiongoza ofisi ya udahili tangu 1986, alikaa kwenye kiti cha shahidi akieleza jinsi alama zinavyotolewa. Umma haukuwahi kuona ndani ya jiko hilo kiasi hicho.

Ubishi mkubwa ulikuwa juu ya alama ya haiba, ile inayowekwa na maofisa wenyewe. Inatakiwa kupima utu wa mwombaji: ukarimu, ujasiri, ukomavu, jinsi anavyoishi na wenzake. Waombaji wenye asili ya Asia, waliokuwa wakiongoza kwa alama za masomo, walikuwa nyuma kwenye alama hiyo. Sasa kumbuka kwamba kuna alama mbili za haiba ndani ya faili moja: ya ofisa na ya mhitimu. Walalamikaji waliziweka sambamba. Wahitimu, waliokaa na vijana hawa uso kwa uso na kusikia sauti zao, walikuwa wamewapa alama zinazokaribiana na za Wazungu. Pengo kubwa lilikuwa kwa watu wa ofisini, ambao hawakuwahi kuwatia machoni wengi wa vijana hao.

Mimi jambo hili linanisumbua kuliko lolote jingine katika kesi ile. Kama usaili una kazi yoyote ya haki, basi ni hii: kumruhusu mtu aliyekuona aseme ulivyo, ili asiyekuona asikujaze sifa za watu wengine. Na hapa kazi hiyo ilifanyika. Mashahidi wa macho walileta ushahidi, ukawekwa ndani ya faili, na alama ya mwisho ikatolewa kana kwamba haupo. Harvard walikuwa na jibu: alama ya ofisa hutokana na mambo mengi, hasa barua za walimu na za washauri wa shule, na barua hizo huenda ziliwaelezea vijana wa Kiasia kwa namna iliyofifia zaidi. Jaji Burroughs aliliona jibu hilo lina uzito. Mwaka 2019 akaamua kwamba hakukuwa na ubaguzi wa kukusudia, ingawa alikiri kwamba upendeleo usio wa makusudi huenda upo na akashauri maofisa wapewe mafunzo. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye mwaka 2020. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikayapindua yote na kupiga marufuku matumizi ya rangi katika udahili, kwa hoja za kikatiba ambazo hazikuhitaji kumaliza ubishi juu ya nani alimwona nani.

Tukubali jibu la Harvard kama lilivyo. Bado linatuambia tulichokuwa tukikitafuta. Maneno ya mwalimu aliyekufundisha miaka miwili yanashinda maneno ya mgeni aliyekaa nawe dakika arobaini na tano, hata kama mgeni ndiye aliyetumwa na chuo.

Wala si lazima tuone hilo kuwa kosa, maana usaili wa namna hii una tatizo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza kwa miaka mingi. Mwaka 2013 Jason Dana, Robyn Dawes na Nathanial Peterson walichapisha jaribio ambalo kila msaili angepaswa kulisoma kabla ya kuagiza kahawa. Waliwataka wanafunzi watabiri wastani wa alama ambao wenzao wangepata muhula unaofuata. Watabiri walipewa alama za nyuma za mwenzao na orodha ya masomo yake, na baadhi wakapewa pia nafasi ya kumsaili. Waliomsaili walitabiri vibaya kuliko waliotazama karatasi tu. Mazungumzo yaliwapa habari nyingi za kupendeza zisizohusiana na jambo lenyewe, wakazichanganya na habari moja iliyokuwa na maana, ikapotea.

Sehemu ya kuchekesha ni hii. Baadhi ya wasailiwa walikuwa wamepewa siri: mkiulizwa swali la ndiyo au hapana, msijibu ukweli, jibuni kwa kanuni inayotokana na herufi za maneno ya mwisho ya swali. Yaani majibu ya bahati nasibu. Wasaili hawakushtuka. Waliondoka wakiamini wamemjua mtu, sawa na wale walioambiwa ukweli. Akili ya binadamu haiwezi kukaa na mtu nusu saa ikakubali kwamba haikuambulia kitu. Itashona hadithi kwa vitambaa vyovyote itakavyovikuta.

Ushahidi mwingine ulikuja kwa ajali ya kisiasa. Mwaka 1979 shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Texas iliyoko Houston ilikuwa imekwisha kuwasaili watu 800 na kuchagua 150 kutoka juu ya orodha. Wabunge wa jimbo wakaamuru waongezwe 50. Walio bora waliobaki walikuwa wamekwenda kwingine, hivyo shule ikaokota kutoka mkiani, kati ya nafasi ya 700 na ya 800. Miaka ikapita, wakalinganishwa: darasani, wodini, hata mwaka wa kwanza wa kazi baada ya shahada. Hawakutofautiana. Waliokuwa wamewekwa mkiani walikuwa wamewekwa huko, kwa sehemu kubwa, na maoni ya wasaili.

Msomaji atauliza: na Oxford je? Oxford na Cambridge za Uingereza husaili kwa dhati, ni kweli, lakini ule ni mnyama mwingine. Anayekusaili ni mhadhiri atakayekufundisha, anakupa tatizo la hesabu au shairi ambalo hujaliona, anatazama unavyolifikiri, na yeye ndiye mwenye sauti juu ya nafasi yako. Oxford huwaita waombaji wapatao 10,000 kwa nafasi zipatazo 3,300. Pale, ukiitwa, pigeni vigelegele.

Kama usaili wa mhitimu hautabiri mengi na haupewi uzito mkubwa, ulitoka wapi? Asili yake haipendezi. Mwanzoni mwa karne iliyopita vyuo vikuu vya mashariki mwa Marekani viliingiza watu kwa mitihani. Watoto wa Kiyahudi, wengi wao wa wahamiaji maskini, wakaifaulu. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao iwekewe kikomo waziwazi. Mwaka huohuo fomu ya maombi ikaanza kuuliza rangi, dini, jina la mama kabla ya kuolewa, baba alizaliwa wapi, na kama jina la familia liliwahi kubadilishwa. Wahadhiri walikataa kikomo cha wazi. Basi kikaja cha kificho: mwaka 1926 Harvard iliamua kupunguza idadi ya wanaoingia na kupima “tabia”, kitu ambacho mtihani hauwezi kukionyesha bali picha, barua na mazungumzo. Wanafunzi wa Kiyahudi, waliokuwa wamefika zaidi ya robo ya wanaoanza mwaka 1925, wakashuka hadi kama asilimia 15. Mwanasosholojia Jerome Karabel ameieleza historia hii kwa urefu katika kitabu chake The Chosen cha mwaka 2005. Dartmouth nao, chini ya rais Ernest Martin Hopkins, walikuwa wameanza mwaka 1921 utaratibu wa kuchagua ulioshirikisha wahitimu kuwatazama waombaji wa maeneo yao.

Wahitimu wa leo hawana hatia ya hayo, na wengi wangeshtuka kuyasikia. Lakini kipimo cha haiba kilichoburutwa mahakamani mwaka 2018 ni mjukuu wa kipimo cha tabia cha 1926, na katika karne nzima hiyo kimemfaa zaidi aliyelelewa karibu na wapimaji. Mwaka 2023 wanauchumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walionyesha kwamba, kwa vyuo kumi na viwili vya juu kabisa, mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 yenye kipato cha juu kabisa ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia kuliko mtoto wa kipato cha kati mwenye alama zilezile za mtihani. Sababu walizozitaja ni upendeleo kwa watoto wa wahitimu, wanamichezo wanaoandikishwa, na alama zisizo za masomo, ambazo huwa juu kwa waliosoma shule za binafsi za gharama.

Hapo ndipo malezi yetu yanapoingia. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa moja mkoani Kilimanjaro walimu wakiwafanyisha wanafunzi mazoezi ya usaili. Binti mmoja aliulizwa anajivunia nini. “Shule yetu ilishinda maonyesho ya sayansi,” akasema, macho chini. Mwalimu alijua kwamba kifaa kilichoshinda, cha kupima unyevu wa udongo, kilikuwa wazo lake, na nyaya alizifunga yeye.

“Sema ‘nilikitengeneza’.”

“Mwalimu, si tulikuwa watatu?”

“Watatu, ndiyo. Wazo la nani?”

Akanyamaza, akacheka kwa aibu, wenzake wakajibu kwa niaba yake. Mtoto huyo amefundishwa tangu utotoni kwamba anayejisifu mbele ya wakubwa hana adabu. Atafika kwenye skrini ya Zoom, atasema shikamoo kama msaili ni Mtanzania, atajibu anachoulizwa na kuacha hapo. Msaili aliyekulia nyumba zetu atajua kwamba chini ya “tulishinda” kuna “nilitengeneza”. Msaili wa New Jersey anaweza kuandika: mpole, hakueleza mengi. Harvard wenyewe, kesi ikiendelea mwaka 2018, waliwaongezea maofisa wao mwongozo kwamba sifa njema za mtu haziji kila mara na uchangamfu wa nje. Ni maneno mazuri. Yalichelewa kidogo.

Hoja yangu basi ni kwamba usaili huu unakihudumia chuo kuliko unavyomhudumia mwombaji. Tazama hesabu ya msaili. Anaona vijana sita kwa mwaka. Chuo kinakubali wanne katika mia. Itamchukua miaka minne kuona mmoja wa vijana wake akipata, na katika miaka hiyo ataandika ripoti ishirini na tatu za watu walioachwa, nyingi zikiwa za sifa tele. Wapo wanaochoka na kuacha. Wengi hawaachi, na sababu ni kwamba kazi hii inawaweka ndani ya familia ya chuo: wana mkutano wa kila mwaka, wanapewa mwongozo mpya, wanaona kizazi kipya kikikitamani kile walichonacho. Mhitimu anayejiona bado ana kazi chuoni ndiye atakayechangia chuo kikipitisha kikapu. Chuo kinapata pia balozi asiyelipwa katika kila mji mkubwa duniani. Vijana wanaosailiwa kisha wakakataliwa wanaondoka wakiwa angalau wamesikilizwa na mtu mwenye sura. Sisemi ni hila. Kwa taasisi inayokataa karibu kila anayebisha hodi, hiyo ni adabu yenye faida.

Baadhi ya vyuo vimeanza kuona kwamba hata adabu hiyo ni ghali. Columbia iliacha kabisa usaili wa wahitimu mwaka 2023. Brown humpa mwombaji nafasi ya kutuma video fupi badala yake. Cornell, isipokuwa kwa fani chache, hukutanisha waombaji na wahitimu kwa ajili ya kuwapa habari, bila alama. Ninakubaliana na uamuzi wa Columbia kuliko wa Brown: video inamrudishia faida yuleyule mwenye kamera nzuri, chumba tulivu na mtu wa kumwambia “rudia, tabasamu zaidi”. Dartmouth, Princeton, MIT na Harvard bado wanaendelea na wahitimu wao.

Vyuo hivyo vinne vina maana kubwa kwa msomaji wa huku, kwa kuwa, pamoja na Yale na Amherst, vimo katika kundi dogo linaloamua kumkubali mwanafunzi wa nje bila kutazama kama ana uwezo wa kulipa, na kisha kumlipia pengo lote. Programu ya KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004 na mwanariadha Mike Boit na mwandishi John Manners, imekuwa ikiwaandaa vijana wa Bonde la Ufa wenye matokeo ya juu ya KCSE, huko Iten, na kuwafikisha kwenye vyuo vya aina hiyo. Maandalizi yake ni ya insha, ya mtihani wa SAT, ya kuchagua vyuo. Usaili ni sehemu mojawapo tu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo barua ya msaili ikifika, kijana ajibu siku hiyohiyo kama inawezekana. Akiwa hana intaneti ya uhakika nyumbani, aseme mapema. Wasaili hubadilisha saa bila kinyongo. Asipeleke wasifu wa kurasa tano asioombwa. Awe na jambo moja alilolifanya kwa mikono yake na aweze kulieleza hadi kwenye nyaya, kwa kutumia “nili-” bila kuona haya. Na mzazi asikae pembeni ya kamera akinong’ona majibu. Usaili huu hauna ada: anayemwandikia kijana kwamba ni mhitimu na kutaka atumiwe chochote kwa M-Pesa ni tapeli, hata kama nembo ya chuo iko juu ya barua.

Isipofika, asiwasake wahitimu kwenye LinkedIn kuwaomba wamsaili. Vyuo vinasema wazi kwamba kukosa usaili hakumpunguzii mwombaji alama, na kwa yote tuliyoyaona sioni sababu ya kutoamini. Wiki hizo azitumie kumkumbusha mwalimu wa fizikia juu ya barua ya mapendekezo, na amwombe aandike habari za kile kifaa cha udongo. Barua hiyo isipoingia, faili halikamiliki.